Nikopeshe Vidole: Hesabu za Mwalimu Spès wa Gahanga

Saa mbili asubuhi, Gahanga. Mwalimu Spès amesimama mbele ya darasa la kwanza. "Nane na tano?"

Muhire anainua vidole vinane, anamgeukia jirani yake. "Pretty, nikopeshe viwili."

Pretty ananyoosha mkono mmoja, anamkopesha viwili. Kumi imetimia, kwake vimebaki vitatu.

"Kumi na tatu!"

Hiyo ndiyo kazi ya Spès kwa miaka kumi na tisa: kuwafanya watoto waione namba.

"Mtoto anaimba mpaka mia kama wimbo wa kanisani," anasema, huku akimfunga mmoja vifungo vya sweta. "Mwombe vijiko saba, anakuletea rundo."

Yeye alikulia Bujumbura, akimpangia mama yake mafungu ya nyanya sokoni. "Fungu la nyanya tano sikulihesabu. Nililiona."

Watoto ni 56, wanabanana watatu watatu kwenye dawati. Spès anacheka. "Afadhali. Vidole vya kukopa viko karibu."

Leo nyuma ya darasa ameketi Gakwaya, fundi mwashi aliyekulia Bukoba. Binti yake, Sangwa, anarudia darasa.

"Mwalimu, mtoto mkubwa hivi bado anachezea vidole? Wenzake kwingine wanakariri. Ijumaa namhamisha."

"Papa Sangwa, tazama kwanza. Ukiona bado, madaftari yake nitayafungasha mwenyewe."

Zamu ya Sangwa inafika. Majirani zake wawili wa dawati wako nyumbani, wana homa.

"Nane na mkono mmoja?" anauliza Spès, taratibu.

Sangwa anatazama huku na huku. Kisha anatembea hadi nyuma, vidole vinane juu.

"Papa, nikopeshe mkono."

Wenzake wanaangua kicheko. Gakwaya anasita, halafu anautoa mkono wa kulia mfukoni.

"Kumi na tatu!" darasa linapaza sauti.

Sangwa anatikisa kichwa. "Kumi na mbili."

"Hee, umekosea!" anamtania Muhire.

"Sijakosea. Mkono wa Papa una vidole vinne."

Kweli. Kimoja kilichukuliwa na msumeno zamani. Sangwa hakuutazama hata mkono wenyewe.

"Ninamnawisha kila jioni kabla ya kula," anaeleza.

Muhire ndiye anayeanza kupiga makofi, na wengine wote wanamfuata. Spès anajifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Mkono huu huwa naufichaficha," anasema Gakwaya kwa sauti ya chini. "Kumbe mwanangu anaujua hivyo. Mwalimu, hahami. Huyu ana akili."

"Tena sana," anajibu Spès. "Mwisho wa mwaka anapanda la pili, utaona."

Sasa Spès anapanga kufungua darasa Jumamosi kwa ajili ya wazazi. "Shuleni watoto wana wa kuwakopesha vidole," anasema. "Nataka na nyumbani wawe naye."

Wa kwanza kuahidi kuja ni Gakwaya. Ameomba jambo moja tu: akae dawati moja na binti yake.