Kabati la Mama Mkwe

Mama Tepu alikuwa fundi cherehani, na jina hilo alilipata kwa sababu tepu ya kupimia haikumtoka shingoni hata akienda kununua vitunguu. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilichokuwa karakana: cherehani dirishani, sare za shule zikining'inia ukutani, na vitambaa vilivyobaki vimesukumwa chini ya benchi la wateja. Hakuwa mtu wa kupamba. Kwake nyumba ikifagiwa na watu wakashiba, basi imekamilika, na kwa miaka mingi hakuna aliyemwambia vinginevyo.

Kisha wifi yake akastaafu ukarani, akahamia mtaa uleule, nyumba chache kutoka kwake. Wifi huyo, dada mkubwa wa mumewe, alikuwa mjane asiye na mtoto, na mikono yake ilikuwa haijui kutulia. Baridi ilipoanza, alisokota majani makavu na maganda ya mahindi akatengeneza mataji ya kuning'iniza milangoni. Aliyeyusha vipande vya mishumaa, akaimimina nta kwenye vikombe vilivyovunjika vishikio, akatia utambi. Alizunguka soko la vitu vikuukuu akarudi na birika la enameli lililobanduka rangi, au sahani moja ya maua iliyopoteza wenzake, na baada ya siku mbili tatu ungedhani vitu hivyo vilizaliwa humo ndani. Alasiri alioka mkate wa mdalasini, wa kawaida kabisa, unga na hamira na sukari kidogo, na harufu yake ikatembea mtaani bila haya.

Harufu hiyo ndiyo iliyomchukua mume wa Mama Tepu. Mwanamume huyo, fundi baiskeli, alizoea kufunga kibanda na kuja moja kwa moja nyumbani. Sasa alianza kupita kumjulia hali dada, akarudi na chembe za mkate kwenye masharubu.

"Dada kaweka vitambaa vya rangi ya machungwa dirishani," alisema jioni moja. "Nyumba imechangamka kweli."

"Vitambaa hapa vipo gunia zima," Mama Tepu alijibu bila kuinua uso. "Nikupe nawe ujifunge?"

Mumewe akacheka. Yeye hakuwa anatania.

Binti yao naye kila sentensi ilianza na shangazi. Hata wateja, wakipimwa viuno, walisimulia mlango wa wifi ulivyopendeza. Mama Tepu aliwachekea jino pembe, akawabana tepu kuliko ilivyohitajika.

Hayo yote angeyameza. Lililomkwama ni kabati. Mama mkwe alipofariki alimwachia kabati la vyombo lenye milango ya kioo, na kwake likaishia uani chini ya bati, kuku wakitagia kwenye droo ya chini. Wifi aliliona, akaliomba. "Chukua, utanipunguzia takataka," Mama Tepu alimjibu. Wifi akalipiga msasa, akaziba nyufa, akabadilisha kioo kilichopasuka, akalipaka nta. Siku Mama Tepu alipolikuta sebuleni kwa wifi, mbao zimekolea rangi ya asali, sahani kuukuu zimepangwa ndani, na majirani wamelizunguka na vipande vya mkate mikononi, alisimama kizingitini asiingie.

"Ulilipata wapi hili?" mke wa mfamasia alikuwa akiuliza.

"Kanipa wifi yangu," mwenye nyumba alijibu kwa moyo mweupe.

"Sikukupa," Mama Tepu aliisikia sauti yake mwenyewe ikisema. "Nilikuazima. Mama aliniachia mimi."

Mtu mmoja aliacha kutafuna. Wifi akaweka kisu cha mkate mezani.

"Basi utalichukua, wifi. Nilikuelewa vibaya."

Kesho yake wapagazi wakalileta. Mama Tepu akalisimamisha karakanani, akapanga vikombe vyake ndani, akarudi nyuma kulitazama. Lilikaa kama mgeni aliyekosea nyumba. Alisokota na taji lake la majani akalitundika juu, likapukutika lote kwenye shati jeupe la mteja. Akaoka mkate. Ulitoka mgumu kama tofali, mumewe akautafuna mpaka mwisho na kushukuru, na adabu hiyo ikamuuma kuliko tusi.

"Huendi kwa dada yako siku hizi?" alimuuliza.

"Naona haya," mumewe akasema.

Kwa hiyo kila jioni alikuwa nyumbani, kama mkewe alivyotaka, akitazama ukuta. Binti alikula upesi na kwenda kulala.

Jumapili Mama Tepu alijipa kisingizio cha kumpelekea wifi sketi iliyokuwa ikisubiri zipu. Alikuta zile sahani zimepangwa sakafuni juu ya magazeti, pale kabati liliposimama. Wifi alikuwa katikati ya rundo la majani makavu akishona utepe kwenye mataji, maana zahanati ilimwomba ya kupamba wodi ya watoto. Vidole vyake vilikuwa vimetobokatoboka. Mama Tepu akaokota taji moja, akaligeuza nyuma. Mshono ulikwenda kama njia ya mlevi. Furaha ndogo, chafu, ilimpita moyoni, akaijua na hakuifukuza.

"Nani kakufundisha kushona hivi?"

"Hakuna. Ndiyo maana." Wifi akanyonya kidole. "Ningekuwa na mikono yako mimi nisingehangaika na unga. Kwako watu wanapiga hodi tangu asubuhi, nawasikia. Kwangu, bila mkate, nani angekuja?"

Mama Tepu alikaa chini. Akatunga uzi kwenye sindano, akaanza kufumua ule mshono.

"Lile kabati," alisema huku akivuta uzi, "niliona kijicho tu."

"Najua."

"Ulijua?"

"Wifi, uliniazima kitu kimejaa mavi ya kuku?"

Walicheka mpaka majani yakatawanyika.

Kabati halikurudi. Mama Tepu hakulitoa, na wifi hakuliomba tena. Lakini alasiri, kazi ikipungua, alibeba sindano zake na kwenda kushona tepe huko, na mumewe akaanza tena kupita, safari hii akiwakuta wote wawili. Kuoka mkate, Mama Tepu alijaribu kujifunza. Haukuumuka vizuri hata siku moja, naye akaulaumu unga.

Siku ya kupeleka mataji, mke wa mfamasia aliwakuta mlangoni mwa zahanati na maboksi. Akatoa taji moja, akapitisha kidole kwenye utepe.

"Mikono yako imebarikiwa," akamwambia wifi.

Mama Tepu alihisi roho ikimchoma palepale, kama zamani.

"Utepe ni wangu," alisema kabla wifi hajafungua mdomo. "Majani ndiyo yake."

Mke wa mfamasia akamwomba radhi. Wifi akamsukuma Mama Tepu kwa kiwiko, na wakaingiza maboksi ndani kutafuta mtu wa kuwapa misumari.