Kigoda cha Watu Wasiopingana

Wubalem alizaliwa na ulimi mkali, na jijini Addis Ababa ulimi mkali ni mzigo. Mstaarabu hamwambii mwenzake kwamba wazo lake bovu. Atatabasamu, atasema "zuri," kisha ataumia kimyakimya. Alipoingia chuo cha kusanifu samani, mama yake alimsihi ajifunze kunyamaza. Akajifunza, na nusura kunyamaza huko kumfukuzishe.

Mwaka uliotangulia alikuwa amefeli. Akifeli tena, basi, anafungasha virago. Na mtihani wenyewe ulikuwa wa kikundi: yeye, Getinet na Fikirte watengeneze kigoda cha muuza kahawa, mtu anayeshinda ameinama juu ya jiko la mkaa.

Wakakaa meza moja, wakachora karatasi moja. Getinet akataka droo ya vikombe. "Zuri!" Fikirte akataka egemeo. "Zuri sana!" Wubalem aliona wazi kwamba droo ingeharibu mizani, akajing'ata ulimi, naye akaongeza mpini wa kubebea. Wakapongezana weee, mpaka kigoda kikafanana na kabati.

Siku ya majaribio alikikalia Etiye Zenebech, yaani shangazi Zenebech, mama auzaye kahawa langoni pa chuo. Alipoinama kumimina tu, droo ikachomoka, kigoda kikapinduka, mama wa watu chini! Gashe Worku, mwalimu wao waliyemwita Gashe, kaka mkubwa, kwa heshima, alimwinua, akawageukia.

"Wazo hili la nani?"

"Letu sote, Gashe."

"Hapana. Halina mwenyewe. Leteni kingine siku ya mtihani. Na wewe Wubalem, unajua hii ndiyo nafasi yako ya mwisho."

Nje, Wubalem alilipuka. "Kila mtu akachore peke yake! Hakuna kuulizana. Tukikutana, michoro haina majina."

Getinet alishika kifua. "Peke yetu? Na injera utakula peke yako, dada? Tumekukosea nini?"

"Injera tutakula sahani moja, na tonge nitakutia mdomoni kwa mkono wangu. Ila penseli yako sitaki kuiona."

"Ana kiburi huyu," Fikirte alisema, akibeba mkoba wake. "Lakini mama wa watu kaanguka. Mimi nakwenda kuchora."

Walipokutana tena karakanani, michoro ilibandikwa ukutani. Kwa kuwa hakuna aliyejua ni ya nani, hakukuwa na wa kumwonea haya.

"Huu mzito kama jeneza," Getinet alisema, akicheka.

Ulikuwa wa Wubalem. Ulimchoma, usiombe. Alitaka kuutetea kwa meno na kucha, lakini alipoutazama vizuri akaona kijana hakukosea. "Ung'oe," alisema.

Mchoro wa mwisho ulikuwa na miguu mitatu tu, na ubao wa kukalia ulioteremka kidogo mbele, ili mtu ausogelee moto bila kuupinda mgongo. Wubalem na Getinet wakausogelea.

"Wangu," alisema Fikirte, yule yule aliyetaka egemeo. "Nilikuwa nao tangu mwanzo. Mlivyokuwa mnafurahia droo, niliona aibu kuutoa."

Wubalem alimkumbatia, kisha akamwambia miguu ya kigoda chake imekaribiana mno. Wakabishana, Getinet akachonga, wakabishana tena. Sasa ilikuwa kazi ya watatu kwelikweli.

Siku ya mtihani Etiye Zenebech alikaa kwa wasiwasi, mkono mmoja ukishika sakafu. Akakaanga buni. Akamimina duru ya kwanza, ya pili, mpaka ya tatu, ile ya baraka, na hakushika kiuno hata mara moja.

"Etiye, simama kidogo nikague maungio," Gashe Worku alimwomba.

"Kagua vya wengine, mwanangu. Hapa mimi siondoki."

Gashe Worku akacheka, akaandika alama za kufaulu huku mama amekaa vile vile. Na Wubalem akapiga vigelegele mpaka chuo kizima kikachungulia madirishani.