Siku Nilipowalaza Wakwe Chini

Wenzangu, mnaniona hapa na kanzu yangu iliyopigwa pasi mkadhani mimi ni mtu wa heshima zake, lakini kuna nyumba moja kule Wanale, Mbale, ambako nikifika watoto hulala kifudifudi kwa makusudi halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na wana haki, kwa hiyo acheni niwasimulie mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu atakayeongeza chumvi.

Vita vilikuwa vimekwisha, watu wanarudi kuezeka nyumba zao, na mimi nilikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka moja Jinja, kulala kwangu Mafubira. Kichwani nilikuwa na mambo matatu. La kwanza cherehani, maana shule zilikuwa zinafunguliwa na kila mzazi anaapa kwamba haondoki barazani bila sare ya mwanawe. La pili Zaituni, binti wa Wanale niliyetaka kumwoa, tena nilimtaka kwa moyo wote. La tatu, ambalo baba yangu mdogo Sulaiti aliliita ugonjwa, ni mchezo wa kuigiza. Tulikuwa na kundi letu, na mimi nilipewa kuwa afande, kwa sababu nilikulia karibu na kambi ya jeshi na Kiswahili cha amri nilikijua vizuri kuliko kushona kola (kola zangu, tusiseme mengi). Mshika mbili moja humponyoka, ndivyo wanavyosema. Mimi nilishika tatu nikajiona hodari.

Sasa mchezo ulikuwa Jumapili, na Jumamosi yake ndiyo siku ya kwenda ukweni kujitambulisha. Wiki nzima sikufika mazoezini kwa sababu ya zile sare, na kiongozi wetu, mama mmoja asiyejua kucheka, akaniambia, "Twaha, wewe ukikosea tena maneno, afande anakuwa mtu mwingine." Nikaitia karatasi ya maneno mfukoni mwa koti. Nilisema moyoni, huko huko Mbale nikipata nafasi nitajikumbusha kidogo.

Tulifika mapema mno, mimi na baba mdogo na wazee wachache wa kwetu. Mzee Abasi, baba yake Zaituni, alitukaribisha sebuleni, akatuomba radhi kwamba chakula bado, wanawake wako jikoni nyuma ya nyumba. Mama yake Zaituni hatukumwona, na hatukutakiwa kumwona, maana kwao kama kwetu, mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, na ukikutana naye njiani unaingia majanini. Nikakaa, nikakaa, yale maneno yananiwasha ulimini. Nikamnong'oneza baba mdogo kwamba naenda haja. (Haja yenyewe sikuwa nayo.)

Nikaingia kwenye migomba, nikatazama huku na huku, sikuona mtu, nikatoa karatasi. Nilianza polepole, wallahi, nilianza kwa sauti ya msikitini. Lakini uigizaji hauna polepole, ukishaingia umeingia, na mara nikasikia sauti yangu mwenyewe ikinguruma, "Wewe! Toka inje! Wote lala chini! Kijana yenu iko wapi?"

Nisichokijua ni kwamba jiko lilikuwa hatua kumi tu kutoka pale, nyuma ya migomba ileile. Na miaka ile, Kiswahili kule hakikuwa lugha ya kuombea chumvi. Cha salamu watu walikijua, lakini cha kufoka kilikuwa na wenyewe, na wenyewe walikuwa na bunduki.

Sufuria ikaanguka. Mwanamke akapiga yowe, halafu wa pili, halafu nikasikia nyumba nzima inakimbia, kuku, watoto, wageni wenzangu, na mtu anapaza sauti, "Wanajeshi! Wanajeshi wamekuja!" Na mimi, jamani, mimi mwenye kuwaleta hao wanajeshi, niliamini! Nikasema moyoni leo tumekwisha, nikakunja kanzu mpaka magotini, nikatimua mbio bila kutazama, nikatokea jikoni na karatasi yangu mkononi.

Wote walikuwa wamekimbia isipokuwa mama mmoja. Alikuwa amepiga magoti kwenye wali uliomwagika, mikono juu, macho ameyafumba. Akasema kwa Kiswahili cha kuokoteza, taratibu, kama mtu aliyekwisha kuyasema siku nyingine, "Afande, kijana hapana iko. Musa mulishachukua. Hakuna mwingine."

Zaituni aliwahi kuniambia kwamba kaka yake Musa alichukuliwa wakati wa vita na hakurudi, na mimi nikasema pole, nikaendelea kushona. Sasa nimesimama mbele ya mama yake na sijui niseme kwa lugha gani. Kigisu, lugha ya kwao, sikijui, Kiswahili ndicho kilichompigisha magoti. Nikasema kwa Kisoga, lugha ya kwetu Jinja, "Mama, ni mimi, Twaha, mkwe wako." Akafumbua macho. Tukatazamana uso kwa uso, jambo ambalo hata siku ya kawaida ni aibu ya kulipiwa mbuzi, akajifunika leso kichwani, akalia. Mimi pia nililia.

Walipoanza kurudi mmoja mmoja (baba mdogo alitoka chini ya meza, na mpaka leo anasema alikuwa anatafuta kofia), nilieleza kwamba ni mchezo wa kuchekesha, na karatasi ikasomwa mbele ya wote. Mzee Abasi hakufoka. Aliniuliza tu, "Wewe kijana, hii kitu inachekesha nani?" Baba mdogo akaomba radhi mpaka sauti ikakauka. Wazee wakanong'ona, na niliona wazi kwamba Zaituni ananiponyoka.

Ndipo shangazi yake Zaituni akaja kutoka nyuma, ametumwa na mama. "Anauliza," akasema, "kwa mchezo yenu, yule kijana anarudi?"

Nilikuwa nimeucheza mchezo ule mara nne. Afande anaingia, anafoka, ukumbi unavunjika mbavu kwa Kiswahili chake, kijana anatolewa mlangoni, basi. Sikuwahi kujiuliza anakwenda wapi. Nikasema, "Harudi."

Shangazi akaenda, akakaa kidogo, akarudi. "Anasema huyu mukwe hakumudanganya. Tule chakula kama imebakia."

Mnajua, Jumapili nilikwenda ukumbini. Watu walicheka palepale wanapocheka siku zote, na mimi maneno yote yakanitoka kichwani, nikasimama kama mlingoti mpaka kiongozi akanitoa. Afande akawa mtu mwingine kweli. Ubaya wa kutaka kila kitu kwa siku moja ni kwamba hakuna hata kimoja unachokitazama sawasawa, na mimi nilimpitia Musa wa watu juu juu, kama ninavyopitia kola ya shati.

Nilimwoa Zaituni. Mbuzi nilimtoa. Kuigiza bado naigiza, lakini nimekula yamini sitafoka amri mahali ambapo mtu hajui kwamba ni mchezo. Kigisu nimejifunza, kibovu, watoto wanakicheka. Na kila nikienda Wanale, nikiwa bado njiani kwenye kona, naanza kuita kwa Kigisu hicho hicho ili mama aliye jikoni asikie mapema: mimi Twaha, mkwe wenu, nakuja, na niko peke yangu.