Siku Mbili za Kunywa Tu

Andrea alipofariki mwaka 1975, uvimbe ukiwa umeziba utumbo wake mkubwa, daktari wa hospitali ya misheni alisema ndugu wa tumbo moja naye apimwe. Ndugu huyo alikuwa mmoja tu, Alute, mkulima mjane wa miaka ipatayo hamsini, aliyehamishiwa mwaka uliotangulia katika kijiji kipya cha ujamaa karibu na Mkiwa. Nyumba yake ilikuwa ya mwisho katika mstari. Wanawe wawili walikata mkonge Tanga.

Hakuwa na maumivu yoyote. Alitaka tu kujua kama ugonjwa wa kaka yake ulikuwa umeanza ndani yake pia.

Ili aondoke alihitaji ruhusa ya Melkizedeki, balozi wa nyumba kumi.

"Tumbo," alisema Alute.

"Wakati wa palizi kila mtu ana tumbo," alijibu balozi. "Nenda. Ila zamu yako ya shamba la kijiji utailipa."

Hospitalini, mwendo wa siku nzima, daktari alimweleza njia tatu. Ya kwanza, kuleta choo kidogo ndani ya kiberiti kitupu, siku tatu mfululizo, ili itafutwe damu isiyoonekana kwa macho. Lakini kipimo hicho hakisemi damu inatoka wapi. Ya pili, kupigwa picha ya utumbo uliojazwa dawa nyeupe, huko Moshi. Ya tatu, kuchunguzwa palepale kwa bomba lenye taa, linaloona vizuri lakini haliendi mbali.

"Una mtu wa kukusindikiza Moshi?"

"Bomba litafaa," alisema Alute.

Muuguzi Martina alimpa chupa ya mafuta ya mbarika, ya kusafisha tumbo. "Baba, siku mbili usile. Kunywa tu. Mafuta haya unywe jioni ya mwisho."

Alitii. Alipanga karibu na hospitali, kwa mtu aliyekuwa na togwa ya uwele isiyochujwa, akanywa kibuyu kizima kila siku. Kwa mtu wa kwao togwa si chakula. Hupewa mgeni aliyeomba maji.

Siku ya tatu daktari alichungulia, akalitoa bomba. Utumbo ulikuwa umejaa pumba.

"Umekula nini?"

"Sijala."

"Baba," aliuliza Martina polepole, "umekunywa nini?"

"Togwa. Si uliniambia ninywe?"

Martina, mzaliwa wa Ikungi, wa kabila moja na Alute, aliziba mdomo kwa kiganja. "Kosa ni langu. Mama akisikia atanicheka mwaka mzima."

Ikabidi arudie, safari hii kwa chai ya rangi na maji, akilala hapohapo hospitalini. Nyuma ya wodi ndugu za wagonjwa walikuwa wakipika ugali, kila kundi na mafiga yake.

"Mzee, watu wako wamechelewa?" aliuliza mama mmoja.

"Nimekatazwa kula," alijibu Alute. Mama yule aliridhika, akaendelea kusonga.

Safari hii daktari aliona vizuri. Hapakuwa na uvimbe mpaka mwisho wa bomba. Kwa sehemu ya juu isiyofikiwa na bomba, alimwagiza alete viberiti kila mwaka.

"Kawaambie nyumbani," alisema daktari.

Nyumbani, Melkizedeki alimuuliza kama tumbo limepona. "Halikuwa linauma," alisema Alute. Balozi alimwonyesha mistari yake ya palizi, akaendelea na wengine.

Jumapili ya pili alimwomba mwalimu wa kisomo cha watu wazima amwandikie barua ya Tanga: baba yenu amepimwa, ni mzima, nanyi mkifika umri wake mpimwe. Mwalimu aliuliza kama kuna la kuongeza. Alute alisema hapana, kisha akamwomba amsomee tena.