Ubao wa Kukalia

Makobo ni samaki mwenye nyama laini. Ukimlaza moja kwa moja juu ya waya wa jiko, ngozi inashika, na ukijaribu kumgeuza unabaki na kichwa mkononi na mkia motoni. Ndiyo maana mimi humchoma juu ya ubao. Wateja wageni hapa Kashikishi, kando ya ziwa, hunicheka kwanza, wanauliza kama nachoma samaki au nachoma kitanda. Wakishaonja hunyamaza na kuanza kunyonya mifupa.

Kazi yenyewe haina uchawi. Ubao unalowekwa majini tangu asubuhi, kisha unawekwa juu ya waya, makala, yaani makaa, yakiwa chini. Samaki anapasuliwa mgongoni, anapakwa chumvi na ndimu, analazwa, halafu unafunika kwa sufuria kubwa. Ubao ukianza kutoa moshi, uache. Chini unaungua, juu samaki anaiva taratibu, na ule moshi unamwingia hadi kwenye mifupa. Mbao naziokota kwa fundi wa mitumbwi, vipande vya mulombwa, mti mgumu, ambavyo havimfai tena.

Aliyenifundisha ni mama mkwe wangu. Tunaishi wawili, mimi na yeye, watu wa ng'ambo tuliovuka ziwa tukikimbia vita. Zamani tulikuwa watatu. Mwanawe, mume wangu, alikwenda kuvua upande wa kisiwa cha Kilwa humu ziwani, upepo ukavuma vibaya, na hakurudi. Hatukupata mwili, hatukupata mtumbwi, hatukupata hata kofia.

Kuna jambo sina budi kulieleza, la sivyo mtatuona sisi wachawi. Katika ukoo wa mume wangu, mtu aliyepotea hajafa mpaka ndugu wakae chini na kumfanyia kilio. Kilio kikiisha, mjane anaoshwa, kisha anarudishwa kwa watu wake au anapewa mwanamume mwingine wa ukoo. Mimi sina tena watu wa kunipokea, na mwanamume mwingine simtaki. Mama mkwe naye angechukuliwa na shemeji yake, baba mdogo wa mume wangu, akaishi kule makazi ya wakimbizi, mbali na ziwa, na mwanamke wa nyumba ile ambaye hawapikiki chungu kimoja. Kwa hiyo bila kilio tulibaki pamoja. Kila jioni nilipakua sahani tatu za bukari, ugali wetu wa muhogo, na asubuhi tuliila ile ya tatu ikiwa imepoa. Hatukuwahi kulizungumza.

Baba mdogo si mtu mbaya. Alikuwa akija kututazama, na kila mara alisema maneno yale yale.

"Mutu asipolilirwa, anatembea-tembea," alisema. "Hana fasi ya kukaa. Ziwa irudishe kintu moja tu, hata shati, tutafanya kilio, mutoto apumuzike."

Maneno yale yaliniogopesha, maana niliamini kwamba anasema kweli.

Jumapili moja alitufikia baada ya ibada. Nilikuwa nimeloweka mbao mpya bila kuziangalia, mzigo nilioutoa kwa fundi, ambaye wiki ile alikuwa akivunja mabaki ya mitumbwi yaliyotupwa ufukweni na mawimbi. Mama mkwe macho yake yamefifia, hufanya kazi kwa vidole. Alichukua ubao, akaupangusa kwa kiganja kabla ya kulaza samaki, na mkono wake ukasimama. Ukarudi nyuma. Ukapita tena pale pale, polepole.

Ndipo na mimi nikatazama. Katikati ya ubao kulikuwa na alama ya duara iliyoungua, na pembeni yake mfereji mwembamba uliochimbwa na kamba. Taa ya mume wangu ya kuvulia usiku ilikuwa imevunjika mguu, na kwa ubishi wake alikuwa akiiweka hivyo hivyo, ya moto, juu ya ubao anaokalia mtumbwini. Nilimgombeza sana kwa ajili ya duara lile. Nilimwambia siku moja atayachoma makalio yake, akacheka.

Baba mdogo alikuwa ameketi karibu, angenyoosha mkono angelishika duara lile. Alikuwa akieleza habari za mihogo yake iliyochimbwa na nguruwe.

Mama mkwe akachukua makobo mkubwa kuliko wote, akamlaza sawasawa juu ya ile alama. Akanyunyiza chumvi.

"Ongeza makala," aliniambia.

"Makala iko mingi, mama." Nilitaka kumpa nafasi ya kugeuza nia. Alikuwa mwanawe kabla hajawa mume wangu.

"Ongeza."

Nikaongeza. Niliogopa sana, lakini mikono ilitii. Moshi ulipanda, na ulikuwa na harufu ya mafuta ya taa na nyavu, harufu ya shati lake alipokuwa akiingia nyumbani alfajiri. Baba mdogo alikula kwa furaha. Katikati ya kula akainua kichwa.

"Hii samaki iko na harufu ya bwato, ya mutumbwi."

"Ni samaki ya ziwa," mama mkwe akamjibu. "Ulitaka inuke mbuzi?"

Akacheka, akaendelea. Alilamba vidole vyote. Mimi nilisukuma ubao chini kwa koleo, ndani kabisa ya makala, mpaka duara likazama katika weusi wote ule.

Alipoaga, alitushika mikono sote wawili.

"Bon, sawa. Ziwa ikirudisha kintu yake, hata kipande ya ubao, munitumie mutu."

"Tutatuma," mama mkwe alisema.

Kesho yake mama mkwe aliniletea wembe na kuniomba nimnyoe kichwa chote. Huko kwetu mfiwa hunyolewa. Nikamwambia majirani watauliza.

"Sema ni joto," alisema.

Nilimnyoa, na machozi yake yalishuka kimya mpaka mapajani. Nilimwonea wivu. Mwanamke mzee akinyoa, watu husema joto. Mke wa mtu aliyepotea akinyoa, habari hufika kwa ukoo kabla ya jua kuzama. Mimi nikaenda kusukwa, mistari mizuri, kama mwanamke anayemngoja mume wake.

Yeye sasa analala vizuri. Mume wangu huja kwangu. Huja mchana, jikoni, moshi wa ubao unapoanza, na najua amesimama nyuma yangu, na najua kwa nini amesimama. Ubao wake wa kukalia mimi ndiye niliyeusukuma motoni. Karibu na jiko langu nimeweka kigoda ambacho simpi mteja yeyote. Wakitaka kukikalia, nawaambia kimevunjika mguu.