Merikebu za Mezani kwa Mzee Walter

Mirindi wa Lackawanna, huko Marekani, aogope nini? Ziwa Kivu alilivuka kwenye dhoruba huku akitafuna muhindi wa kuchoma, na ukimuuliza atakusimulia hadi ukimbie. Mwaka 2015 alikuwa akimtunza Mzee Walter, asiyeweza kutembea, mwenye meza ya vimerikebu vya mbao vilivyopangwa kama vita vya kale: Waingereza huku, Wafaransa kule, mizinga tayari. Sharti lilikuwa moja tu, visiguswe. Lakini kila mchana vilikutwa vimesogeleana.

"Ukivigusa tena, kazi huna," mzee alimwambia.

"Bon, mzee, haki ya Mungu si mimi!"

Mirindi ana watoto watano wa kulisha. Basi alinyunyiza unga wa bugali, ugali wa kwao, meza nzima, akafunga mlango, akakaa na mzee sebuleni hadi saa nane. Kisha akamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu wakaangalie. Ungani hapakuwa na alama ya kidole. Palikuwa na michirizi tu, kama ile inayoachwa na mashua ziwani, na harufu ya baruti, ambayo Mirindi aliijua tangu vita vya kule Kivu.

"Kumbe si wewe," mzee alinong'ona.

Kazi ilipona. Shujaa wetu alitamani sana aliyevisogeza angekuwa ni yeye.