Anayetia ndege matumbo

Ni asubuhi ya baridi, na vidole vya Noeleen Pruett vimekufa ganzi. Anavipuliza, anaviingiza tena puani mwa ndege.

Haya, tegueni: nina samaki asiyejua maji, matumbo yake natia mwenyewe. Jibu limelala mezani kwake, bandani nyuma ya nyumba, mjini Camperdown, Australia. Ni ndege ya mfano isiyo na injini, ya kupaa kwa upepo wa kilimani na kuongozwa kwa rimoti. Wenye ndege huunda mwili na mabawa. Noeleen, mwenye miaka sitini na mmoja, huwatilia vya ndani: betri puani kabisa, kipokezi cha mawimbi nyuma yake, kisha mota ndogo za kuvuta mkia.

Malipo humtosha kwa mafuta ya gari na nyama ya kondoo ya Jumapili. Kinachompungukia ni usingizi.

Kiangazi kilichopita, ndege aliyoifungia vifaa yeye ilipoteza mawasiliano angani, ikajichimbia kilimani, pembeni kabisa ya kigari cha mtoto mchanga. Mtoto hakuguswa hata unywele.

"Mama yake hakunitukana," anasema Noeleen. "Alinitazama tu. Afadhali angenitukana."

Leo mwenye ndege, Des Hanrahan, fundi bomba mstaafu, amesimama mlangoni na koti lake. Upepo wa kusini umeshika, na watu wameshapanda kilimani na watoto wao.

"We dada, utaliatamia hilo yai mpaka lini?"

"Mpaka lianguliwe. Beba, tukapime."

Kupima ni desturi yao: rimoti hupunguzwa nguvu, mmoja akaenda nayo mbali, mwingine akaishika ndege na kuigeuza kila upande. Noeleen anatembea hadi kwenye uzio wa jirani, vidole vikichezesha rimoti.

"Mkia unacheza!" Des anapaza sauti. "Twende zetu!"

"Nigeuzie mgongo wake, mzee!"

Des anaigeuza. Noeleen anachezesha tena rimoti.

"Des?"

"Mkia umekufa," anajibu, sauti imemshuka.

Noeleen anamwendea, anaichukua ndege. Anarudi bandani mbio, anafungua pua, anamulika tochi. Antena aliyoitoa nje kwa tundu imerudi ndani alipokuwa akisukuma betri. Na mwili huu ni wa kaboni; mawimbi hayapenyi.

"Ningeirusha," Des ananong'ona. "Wajukuu zangu wako kule juu."

Noeleen anaitoa antena, safari hii anaibandika kwa nje. Wanapima tena, kila upande. Mkia unacheza.

Hofu haijamtoka. Tangu kiangazi kile, ndege ikirushwa yeye huyageukia magari yaliyoegeshwa, asiione, mpaka asikie watu wakishangilia.

"Leo nataka niione ikiondoka mkononi mwako," anasema akivuta zipu ya koti. "Nikianza kugeuka, niite."

"Nitakuita mpaka kondoo waitike," anasema Des, na kubeba ndege yake.

Noeleen anatangulia kupanda.